Kilio ya Sinema

Siku ya kwanza, 3 juin 1957

Fraise ya chini ya kikapu imeoza tena. Kiangazi imeanza, vumbi ya avenue inaingia mpaka ndani ya vitunguu ya poireau. Niliosha mara mbili. Madame mumoja aligusa ile matunda nyekundu moja moja na kidole, akaacha yote, akaenda. Maman Vénantie, ule anauzisha karoti pembeni yangu ku soko, akasema, "Ule hakuja kununua. Alikuja kusalimia." Nilicheka.

Saa ine mutoto wangu Anselme akapita juu ya miti yake. Miti mirefu imefungwa ku miguu, suruali imeshonwa ndefu mpaka chini, afishi ya film kifuani, ingine mugongoni. Njo kazi yake. Sinema ya wazungu inamulipa atembee vile, watu wajue film gani inaonyeshwa siku ya sita, siku ya posho. Yeye mwenyewe hajaona film hata moja mule. Mutu mweusi haingie. Anaitangaza tu.

Aliinama toka kule juu, akachukua fraise moja mu kikapu yangu, akatia mu kinywa. Wazungu wakapiga mikono. Mimi niliogopa ataanguka. Kila siku naogopa ataanguka.

Siku ya tatu, 5 juin

Nilizaa wane. Nilizika watatu, na nyuma yao baba yao. Anselme alibaki. Iko na miaka makumi mbili na moja, na bado nasikiliza pumzi yake kupitia ukuta kama mutoto wa kunyonya. Akinikamata nasikiliza, anasema, "Maman, niko hapa. Lala." Anacheka.

Ku fuaye ya misioni, mu masomo ya wamama, masera mumoja, mutawa, alituambia mutu akiandika, kichwa yake inapumzika. Yangu bado.

Siku ya posho, 8 juin

Ule patron wa sinema iko na akili ya kuvuta watu. Lazima niseme kweli. Mwaka jana alipaka punda chokaa na makaa, akaitembeza, eti ni punda milia ya mu film. Mvua ikanyesha. Ilirudi punda mbele ya kanisa, watu wote wanaangalia. Siku ingine alituma ndege ndogo itupe karatasi juu ya muji. Nusu ilianguka mu ziwa. Kisha Maman Vénantie alinunua samaki imefungwa mu karatasi ya film ya mapenzi, akasema samaki ile iko na bahati kupita yeye.

Leo Anselme alirudi na uso ya siri. Nilipika bugali na maharagwe. Alikula mbio, akanawa, akasema.

Film inakuja. Mutu anakufa, anazikwa, anaamka. Patron atapitisha sanduku ya maiti ku avenue, na watu wanabeba, na ngoma ya pole pole. Ndani ya sanduku mutu muzima. Mbele ya poste, pale pa barua, sanduku inafunguka, mutu anakaa, anawasalimia.

Mutu ule ni yeye.

Sahani iliniponyoka. Niliokota vipande.

Siku ya Yenga, 9 juin

Pentekoste. Sikusikia misa. Nilikuwa naomba kitu moja tu.

Tukirudi nilimuomba na yeye. Njiani, mbele ya watu, sikuona haya. Nilisema Anselme, papa yangu, mutoto wangu, kataa ile kazi. Akasema, "Ni mbao tu, maman. Mbao na misumari." Nikasema mbao ile naijua, niliijua mara tatu, na ya ine kwa baba yako, usinifundishe mbao.

Kisha akanieleza pole, kama ni mimi mutoto. Akifanya hii, patron atamutosha ku miti, atamufundisha machine ya kuonyesha film. Mutu wa machine anakaa mu chumba kidogo nyuma, anaangalia kupitia tundu. Ataona film. Zote. Na patron atasaini karatasi ya kuomba nyumba kule Bagira, zile nyumba mupya za matofali. Wanapatia mutu iko na kazi ya kudumu na bibi wa ndoa. Bibi iko, ni Furaha wa Katana. Ngombe ya kwanza tulisha peleka. Ndoa ni mwezi wa nane, nyuma ya sikukuu ya Maria.

Najua yote ile. Nataka yote ile. Lakini si kwa njia ya sanduku.

Siku ya pili, 11 juin

Nilienda kwa fundi wa mbao, hapa Kadutu. Nilitaka kuona na macho. Iko sanduku kweli kweli, haiko ya mchezo. Mbao nzuri kupita ile nilipata kwa watoto wangu. Fundi alinionyesha matundu alitoboa ku mbavu yake, tano huku, tano huku, mutu apumue. Niliingiza kidole mu kila tundu. Kumi.

Fundi alimupima Anselme na kamba, amesimama, wanacheka wote wawili. Kamba ilikuwa bado ku musumari, na fundo pahali kichwa inaisha. Niliomba anipe. Alinipa. Niliichoma ku jiko yangu, na sikuondoka mpaka ikakuwa majivu.

Niko mujinga. Najua.

Siku ya tano, 14 juin

Ni kesho. Anselme aliniomba jambo moja: nisiende ku soko. Nibaki ku nyumba, nifunge mulango, nisikie ngoma kwa mbali kama watu wengine. Nilikubali. Nilimushika mukono nikakubali.

Siku ya posho, 15 juin

Nilienda.

Naandika namna ilikuwa, kwa sababu watu walisha anza kusema namna haikuwa.

Asubuhi nilikaa kweli. Nilifagia. Nilifagia tena. Kisha nikakumbuka maua. Anselme alisema watafunika sanduku na maua. Nikajiuliza, na matundu je? Nani ataangalia maua isizibe matundu? Wale wabebaji ni vijana ya sokoni, hawawaze. Patron anawaza watu wake wa tiketi. Nikabeba kikapu nikashuka mbio, nikajiambia naenda kuangalia maua tu, kisha narudi.

Walikuja saa tano. Mbele ngoma, moja, moja, moja. Nyuma yake tarumbeta. Patron mu gari iko wazi, na kofia nyeusi. Wane walibeba, na nguo nyeusi ya kuazima, na ku mukono ya kila mumoja kitambaa yenye maandiko ya kifaransa. Wazungu walisoma wakacheka. Ku soko hakuna mutu alisoma. Ku soko, sanduku ikipita, watu wanasimama. Wanaume walitosha kofia. Maman Vénantie aliweka kisu chini. Hakuna mutu aliuliza. Hawaulizake. Wanasimama kwanza.

Sanduku ilipita mbele yangu karibu hivi, ningeweza kuigusa. Maua ilijaa mpaka chini. Niliangalia mbavu ya sanduku. Sikuona tundu. Hata moja.

Niliita pole, Anselme. Kimya.

Niliita tena, sauti ya juu kidogo, natembea pembeni yake. Anselme, papa, gonga mbao. Kimya.

Mara ya tatu sikuita. Ilinitoka. Sikuamua kulia, ile sauti naijua, haiombe ruhusa. Mikono ilipanda ku kichwa yenyewe. Nililia jina yake ya ubatizo, na jina baba yake alimupa, na ile jina ya utoto mimi peke yangu najua. Kisha nikalia wale watatu, kila mumoja, namna walifuatana.

Maman akilia vile, wanawake hawakae. Ilianza kwa karoti, ikafika kwa vitunguu, ikafika kwa samaki. Soko muzima. Mubebaji mumoja alisahau kazi yake, akaanza kulia na yeye. Ku ngambo ya avenue wazungu walikuwa wanapiga picha.

Mbele ya poste sanduku ikafunguka. Anselme akakaa, uso umepakwa unga, akatosha kofia, akasema maneno ya kifaransa alifundishwa, siku, saa, bei. Wanawake wakakimbia. Vikapu ikamwangika. Walikanyaga fraise yangu, ilikuwa nyekundu mpaka mu mufereji.

Mimi sikukimbia. Nilikaa chini pahali nilikuwa.

Kisha nilimuuliza, ulinisikia? Akasema, "Nilikusikia, maman. Patron alinikataza kujibu."

Siku ya Yenga, 16 juin

Sinema ilijaa. Wengine walirudishwa ku mulango. Anselme iko na furaha, haniwekei kinyongo. Alinikumbatia, akasema, "Maman, wewe njo uliuzisha ile film." Hakuna neno ingeniumiza kupita.

Mangaribi patron alikuja yeye mwenyewe Kadutu na gari. Watu walitoka mu nyumba zote. Aliniletea kikwembe ya kuvaa na sukari. Anajua Swahili ya kutuma watu. "Maman, wewe nalia muzuri sana. Posho ingine nalia tena." Na kisha Goma. Na kisha Uvira, Usumbura. Iko na watu ya sinema kule, alisha waandikia. Atanilipa kila mara.

Nilimurudishia kikwembe na mikono mbili, na heshima. Sukari nilirudisha vilevile. Alizani nataka zaidi, akaongeza.

Anselme alisema, "Mara moja tu, maman. Hata usilie kweli."

Sijui kulia ingine.

Siku ya ine, 20 juin

Yaya Cécile, dada yangu mukubwa, alikuja toka Kabare kwa miguu. Kule habari ilifika kama Anselme alikufa. Wanawake wa kuuzisha makaa waliipeleka: mama yake alimulilia ku soko, sisi wenyewe tulilia naye. Walisema kweli.

Aliingia mu kiwanja na kamba ya kilio kiunoni, na akamukuta Anselme anakula ndizi. Akarudi nyuma. Alikaa inje, hakuingia mu nyumba mpaka jua inashuka. Anselme akamuambia, "Maman mukubwa, karibu, hata maiti inajua kukaribisha." Hakucheka.

Aliniita pembeni. Maneno yake naiandika kama alivyosema, nisisahau. "Mama akilia mutoto wake na majina yake yote mbele ya sanduku, kilio iko wazi. Sanduku ilikuwa ya kweli. Majina ya kweli. Machozi ya kweli. Ni mutu tu alikosa kufa. Unafikiri kilio inajua kuchagua?"

Nikamuuliza inafungwa namna gani. Akasema alikuwa mutoto, aliona moja, ya mutu walizani ziwa ilimumeza na kumbe iko Goma. Ule mutu wewe ulimulilia, yeye mwenyewe ashike wembe, akunyoe kichwa mbele ya ukoo. Kisha wote wawili munywe kasiksi, pombe ya ndizi, mu kibuyu moja. Inaisha. Lakini akikunyoa mukono ingine, hata ya ndugu, hata ya rafiki, imefungwa kwa upande ule mwingine. Umekubali alikufa.

Na mpaka siku ile, nywele isiguswe.

Nilikuwa najinyoa kila mwezi. Siku ya posho ile nilikuwa na nywele ya majuma mbili.

Siku ya tano, 28 juin

Muzee Raphaël, baba ya Furaha, alifika toka Katana na ndugu yake. Walikataa kiti, wakakubali maji. Nilijua mbele waseme.

Alisema, "Maman Anselme, sina ubaya na wewe. Wewe ni mutu mwema. Lakini nani anaoza binti yake kwa mutu mama yake alisha mulilia? Wakizaa, watoto watakuwa wa nani?" Ndugu yake akaangalia chini. Nilimueleza mambo ya wembe. Akaitika na kichwa, ile mambo anaijua na yeye. Akasema sawa, fungeni. Siku ya sikukuu ya Maria atangojea jibu. Kama kilio imefungwa, ndoa iko. Kama haiko, ngombe itarudi.

Walienda. Niliimba nikipika, mara ya kwanza tangu siku ile. Wembe moja tu. Wembe moja na kibuyu moja. Mungu anaweza kuniomba kitu rahisi kupita hii?

Siku ya Yenga, 30 juin

Anselme alikubali. Alichukia kidogo, akasema yeye haiko kinyozi, lakini kwa sababu ya Furaha akakubali. Siku ya Yenga inakuja, 7 juillet, nyuma ya misa. Nilinunua ndizi ya kasiksi. Nilinunua wembe mupya, bado iko mu karatasi yake. Yaya Cécile ataita ukoo wa Kabare.

Nywele inaniwasha. Nafurahi inaniwasha.

Siku ya Yenga, 7 juillet

Walikuja kumi na ine. Yaya Cécile alifagia kiwanja yeye mwenyewe. Niliketi ku mukeka, kichwa wazi, wembe ku sahani, kibuyu pembeni. Maman Vénantie alinishikia kivuli na kipande ya kartoni.

Siku ya tano Anselme alikuwa amelala kwa wenzake kule sinema, kwa sababu ya kazi. Siku ya posho sikumuona. Sikuogopa. Mimi, sikuogopa. Kwa mara moja.

Jua ilifika katikati. Ikapita. Wanaume wakaanza kuongea mambo ya ngombe yao. Saa tisa mubebaji mumoja, ule alilia, alifika na baiskeli. Alisimama ku mulango ya kiwanja, hakuingia. Alisema Anselme alienda Goma na patron, tangu jana asubuhi, na camion ya mizigo, na sanduku. Alituma neno: kazi ilikuja gafula, munisamehe, nikirudi tutafanya.

Yaya Cécile alifunga wembe mu karatasi yake. Kasiksi haikunywewa. Alimwanga yote nyuma ya nyumba, kibuyu kwa kibuyu, na udongo ikainywa.

Nilikaa ku mukeka. Maman Vénantie alinifunga kitambaa ku kichwa kama mutu anafunga mutoto.

Siku ya posho, 13 juillet

Alirudi jana. Leo tuligombana. Sikuwahi kugombana na Anselme.

Nilisema tufanye sasa, hapa, sisi na yaya tu. Wembe ni hii. Nilimunyooshea. Hakuichukua. Alikuwa na viatu mupya. Alisema kule Goma wazungu walisimama ku viti. Alisema patron haulize mutu juu ya nywele. Alisema muzee Raphaël ni mutu ya kizamani, na Furaha kama anamupenda atakuja, na kama hatakuja, muji iko na wasichana.

Nilisema Anselme, mimi siko Furaha. Mimi ni mama yako. Ni mimi niko mu kilio.

Akasimama. Alisema pole, hakupiga kelele, afazali angepiga kelele. "Nilikuambia ubaki ku nyumba. Ulinishika mukono ukakubali. Mimi nililala mu mbao saa nzima na sikuogopa. Wewe njo uliniua, maman. Hapana patron."

Nilirudisha wembe mu karatasi yake.

Alikunja nguo zake. Wanaenda safari ndefu, Uvira, Usumbura, na kule mbele. Alipotoka alisimama kidogo mu mulango, nikazani anarudi. Alikuwa anafunga kiatu.

Siku ya pili, 16 juillet

Kimya ku ngambo ya ukuta. Nasikiliza tu.

Siku ya Yenga, 28 juillet

Nilimuandikia. Barua yangu ya kwanza kwa mutu. Niliandika mara tatu, Maman Vénantie akanishika mukono nisipasue ya tatu. Niliweka: Njoo siku moja tu. Kisha urudi ku kazi yako. Sikasirike. Poste walisema camion ya sinema haina adresse, inatembea. Waliikamata hata hivyo, waliona namna nilisimama.

Siku ya ine, 15 août

Sikukuu ya Maria. Procession ilipita mu kiwanja ya misioni, watoto na maua. Sikuweza kuangalia maua.

Mangaribi kijana mumoja alileta ngombe toka Katana. Alitembea nayo siku mbili. Muzee Raphaël alituma salamu, na kikapu ya viazi, kwa huruma. Furaha aliweka kitu mu viazi: kitambaa alikuwa anapamba kwa uzi, jina ya Anselme na yake. Ya kwake hakumaliza.

Ngombe inalia. Sina pahali pa kuiweka.

Siku ya tano, 23 août

Yaya Cécile alikuja kuchukua ngombe, aichunge kule Kabare. Alikaa mbele yangu. Akasema kama nimechoka, yeye anaweza kuninyoa. Alijua anasema nini.

Nikasema hapana, yaya.

Akasema, "Basi utakaa mu kilio mpaka wapi?"

Nilimupatia viazi ya njia.

Siku ya pili, 17 septembre

Shofere ule analeta muchele ya Luberizi alisimamisha camion mbele ya soko. Anajua mimi ni mama ya nani. Alitafuta namna ya kuanza, akauliza bei ya poireau mara mbili.

Alimuona. Kule Uvira. Sanduku, ngoma, maua, yote. Anselme iko muzima, amenona kidogo, anavaa saa. Hapana, haiko mutu wa machine. Bado analala mu sanduku.

Na nyuma ya sanduku, akasema, kuko maman mumoja analia. Wanamulipa. Anatembea na mikono ku kichwa, anaita mutoto wangu, mutoto wangu. Watu wa Uvira wanazani ni mama yake kweli.

Maman Vénantie alitukana matusi siandiki.

Nilimuuliza shofere, analia vizuri? Akasema vizuri sana, kisha akaona uso yangu, akashika kofia yake. Nikamuambia hakuna ubaya, papa. Nataka kujua tu. Anamuita majina gani?

"Anselme," alisema. "Anselme tu."

Nilimupatia fraise mu jani, kwa njia. Ile majina ingine, ule maman wa kulipwa hana. Nilitembea nayo mpaka ku nyumba. Nilikuwa naisema pole pole, moja moja, nione kama bado iko yote.

Siku ya Yenga, 22 septembre

Barua ilirudi. Ilikuwa na mihuri mingi. Haikufunguliwa.

Siku ya tatu, 9 octobre

Mvua ilirudi. Fraise iko na maji mengi lakini ni nzuri. Niliuza yote mbele ya saa sita.

Sinema ilipata mutu mwingine wa kutembea ku miti. Alipita leo na afishi ya film ya farasi. Hajazoea. Suruali ilikuwa imelowa, matope inateleza, alikuwa anashika ukuta za maduka. Hakuinama kwa mutu. Niliangalia miguu yake mpaka akapinda kule poste. Niliogopa ataanguka.

Wembe nimeipaka mawese isipate kutu, nikairudisha mu karatasi yake, mu sanduku ya nguo.

Nywele imekuwa nyingi, kitambaa ya kichwa haifunge tena. Asubuhi Maman Vénantie alivuta fundo mara mbili, akaacha. Kesho nitatafuta kubwa.